Bahari Yako, Makaro Yangu

Jabe, Bujumbura
2 Januari 2025

Mama Mélissa,

Asalaam alaikum. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu amri ni amri. Tangu siku ile uliponitukana kwa sauti ukaibonyeza ikaenda kwenye grupu ya familia nzima, hata shangazi wa Rumonge akaisikiliza, mume wetu alikata neno: wake zake wakiwa na la kuambiana waandike, wapige picha karatasi, watumiane. Alisema karatasi haipandishi sauti. Huseni hajawahi kusoma karatasi zangu vizuri, ndiyo maana anasema hivyo.

Mtoto wako hajambo. Usiku wa kwanza alilia, wa pili akahamia kitandani kwangu, sasa ananipiga mateke mbavuni utadhani kitanda ni chake. Anakula. Dagaa hataki kichwa, namkatia vichwa vyote, sijui nani alimzoesha hivyo.

Sina neno na kura. Mwanamume mwenye wake wawili akipata safari hachagui, anapiga kura, na sisi tulipiga. Kikombe kilikuwa changu, karatasi nilizikata mwenyewe, majina niliandika mwenyewe, mama mkwe akafumba macho akachomoa, jina likawa lako. Nilicheka nikakupongeza mbele ya watu. Kisha niliingia chooni nikafungua bomba ili maji yapige kelele. Nakwambia ili usije ukaambiwa na mwingine.

Ile kampuni ya matairi ya Dar ingempa Huseni, mteja wake, zawadi ya kawaida, saa ya ukutani au kalenda, mi ningekuwa nimelala vizuri. Lakini meli ya starehe! Vitu vya matajiri wa Kiriri, leo vimekuangukia wewe wa Musaga. Miaka ishirini na mbili nimempikia mtu huyu, nimemzalia Anouar anayekaa dukani sasa hivi wakati ninyi mnapunga upepo, na bahari imekwenda kwako.

Sijambo lakini. Kabla hamjaondoka Huseni aliniwekea makaro mapya ya sakafu jikoni, meupe, yanang'aa hadi naona uso wangu nikiinama. Sikumwomba. Kwako hayapo, nadhani.

Msalimie.

Asiya


Melini, bandari ya Unguja
6 Januari 2025

Dada Asiya,

Wa alaikum salaam. Nimepata karatasi yako leo tu, juu ya kwamba melini intaneti ni ya kununua na baba Mélissa anasema ni kuchoma pesa. Nakutumia nikiwa bandarini, kuna mukahawa mmoja unatoa intaneti bure.

Asante kwa mutoto. Vichwa vya dagaa ni mimi nilimukatia, ndiyo.

Sasa nikuambie, au utaumia? Nakuambia. Hii meli ni nyumba ya ghorofa yenye inaogelea. Asubuhi unatoka chumbani, unarudi, unakuta kitanda kimetandikwa na taulo imekunjwa kama bata. Naitwa Madam. Madam, chai? Madam, juisi? Mi nageuka nyuma kuangalia kama Madam yuko huko. Chakula kiko mezani kutoka alfajiri, mutu anajipakulia mwenyewe bila mwisho. Wapishi wameniandikia kwa rangi vyenye hatuli, kwa hiyo usihangaike na dini yangu.

Nimevaa ile gauni ya zambarau. Mama mmoja Mwarabu wa Muscat aliniuliza kama sisi ni bwana na bibi wapya. Sikusema ndiyo, sikusema apana.

Lakini acha nikuambie na yenye imenikera, sisi tunaambiana ukweli kwa karatasi. Jana walileta pilau. Pilau ya meli, ya wapishi wenye kofia ndefu. Huseni alionja kijiko kimoja, akaweka chini, akasema: hawa hawajui, wangemuuliza Asiya. Mbele ya yule mama wa Muscat. Nilimwaga maji kwenye pilau yangu kwa hasira. Hata baharini umetufuata, kweli?

Makaro uniachie. Mi nina bahari.

Yasmina


Jabe
8 Januari 2025

Mama Mélissa,

Nimesoma mpaka kwenye pilau, nikaisoma tena hapo hapo. Asante. Sijapata barua tamu namna hiyo tangu niolewe.

Hayo mengine yalinichoma. Taulo kama bata! Mi leo nimepanda kutoka sokoni kwa miguu na mtoto wako mgongoni na kapu kichwani, maana esansi ya magari hakuna tena na bisi za abiria zimelala foleni kituoni. Nilipita mbele ya duka la Chabani fundi wa redio, akaniuliza, Mama Anouar, mwenzio anasemaje huko baharini? Jabe nzima inajua. Adélaïde wa mboga za lengalenga naye, ambaye hata si mtu wa kwetu, Mkristo wa watu, aliniwekea kifungu cha ziada akasema pole. Pole ya nini? Nimefiwa? Nilikichukua lakini.

Nina wivu, Yasmina. Naliandika neno lenyewe ili tusizungukane. Nina wivu na gauni la zambarau, na yule mwanamke wa Muscat aliyewaona ninyi asinione mimi, na hata na upepo. Usiku namwangalia mtoto wako amelala na mdomo wazi, nanuna, halafu namfunika shuka.

Rudini salama. Mkifika Dar mtapanda ndege hadi Kigoma, nimeambiwa, na kutoka Kigoma ni gari. Ndege ya ndani ya nchi, ya viti vya bei ndogo. Huko hakuna bata wa taulo. Mungu anisamehe, wazo hilo linanipa usingizi.

Asiya


Moroni, Komoro
10 Januari 2025

Dada Asiya,

Lala basi, kama ndege inakulaza.

Leo nina habari yenye sitaki kuikalia. Tulishuka Moroni, tukaingia mutaa wa masonara, Huseni akaninunulia bangili. Dhahabu kabisa. Pana, yenye maua madogo imechongwa, na kufuli yake ni kama mukono unashika mukono. Hakupatana bei, Dada. Huseni! Mutu mwenye anabishana bei ya ndizi mpaka muuzaji anataka kulia.

Kisha tulikaa kwenye ukuta wa bandari. Akanivalisha mwenyewe, macho yake yanaenda mbali. Halafu akasema: “Lolote litakalokuja mbele, usije ukasema sikukufurahisha.”

Machozi yalinitoka. Huyu si mutu wa maneno, we unajua. Nimekaa naye miaka tisa nasubiri aniambie neno kama hilo, na amenipa hapo, mbele ya bahari, mi peke yangu. Nadhani moyo wake umegeuka upande wangu, Dada Asiya. Sisemi ili uumie. Nasema juu ya kwamba hata mimi nilikuwa na wivu na wewe kila siku ya Mungu, na leo nimepumua.

Mubusu Mélissa.

Yasmina


Jabe
11 Januari 2025

Huseni,

Hii ni yako, si ya Yasmina. Usimwonyeshe.

Mukono unashika mukono, ndivyo alivyoniandikia. Mi hapa nimevua bangili yangu nimeiweka mezani mbele ya karatasi. Ile ya Dar. Unakumbuka? Ulinipandisha ndege kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ukanipa kiti cha dirishani, ukaninunulia bangili bila kupatana bei, na tulipokaa kula ukaniambia lolote litakalokuja mbele nisije nikasema hukunifurahisha. Nililia kwa furaha. Mwezi haukuisha, nikasikia kuna msichana Musaga anaitwa Yasmina.

Kwa wanaume wengine mke wa zamani hupewa kitu cha kumpoza moyo baada ya harusi. Wewe unatoa kabla, ili tukishaumia tuwe tumekwisha kushukuru.

Sasa nauliza mara moja tu. Ni nani, na yuko wapi?

Na usinijibu habari ya makaro. Jana nimeyaelewa. Nilikuwa nimeinama nayadeki, nikaona uso wangu humo, nikaelewa. Yeye umempa bahari, mimi umenipa sakafu. Kura iliamua nani apewe nini, lakini kupozwa mlitupangia wote wawili, wewe na shetani wako.

Asiya


Nosy Be
12 Januari 2025

Mama Anouar mpenzi,

Nimepokea maneno yako. Mke mwenye akili ni taabu kwa mumewe, na mimi Mungu amenipa mwenye akili nyingi.

Sitakuficha. Ni mjane, jina lake Saliha, wa Kigoma, wiki hii yuko Dar kufuata mizigo. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akinitolea mizigo forodhani, na tangu afariki yeye na kaka zake wameshika kazi. Ni mtu wa heshima. Nikahi ni Ijumaa inayokuja, Kigoma. Sikufanya haramu yoyote. Nimewatendea haki ninyi wawili, nimepiga kura mbele ya mama, nimetumia mali yangu kuwafurahisha, na nitaendelea kugawa sawasawa, siku kwa siku, kilo kwa kilo.

Nakuomba jambo moja. Yasmina usimwambie. Ana furaha sana, ukimwona utamhurumia. Nitamwambia mwenyewe tukifika, kwa maneno mazuri. Wewe ni mkubwa. Ukubwa ni kubeba.

Makaro ni mazuri lakini, au siyo? Fundi alinihakikishia hayapasuki.

Mumeo,
Huseni


Jabe
12 Januari 2025

Mama Mélissa,

Nimeiona habari ya bangili. Ni nzuri. Ivae.

Nataka kukuambia neno moja: furahi. Kula vyote, piga picha nyingi, lala mchana, vaa la zambarau kila siku ukitaka. Hiyo safari ni yako, usimwachie mtu akakupunguzia. Na ukiwa na nafasi mwangalie Huseni vizuri, usoni, wakati yeye hakuangalii.

Mélissa amejifunza kufunga kanga. Anakuulizia asubuhi tu, jioni anasahau.

Asiya


Dar es Salaam
14 Januari 2025

Mama Anouar,

Tumeshuka melini leo. Nimekaa kwenye chumba cha hoteli, valizi mbili za nguo mbele yangu, nakujibu kabla hasira haijaisha.

Nilikujua na matusi yako, nikayazoea, yana chumvi. Lakini hii sauti ya huruma sikuizoea. “Furahi.” “Mwangalie usoni.” Nimemwonyesha Huseni, akageuka ukutani, akasema Asiya ana husuda, achana naye. Nimeelewa. We umeshindwa na kura, umeshindwa na bangili, sasa unataka kuniwekea mududu kichwani ili siku za mwisho zinichachie. Nilidhani wewe ni adui mwenye adabu.

Mutoto wangu nitakuja kumuchukua kesho kutwa. Muvalishe, muweke mulangoni. Sitaingia.

Kesho asubuhi ni ndege. Usilale sana, nitakuwa kwenye kiti pembeni ya bwana yangu.

Yasmina


Kigoma
15 Januari 2025

Dada Asiya,

Sijui nianzie wapi, naanzia kwenye mizani.

Pale uwanjani Dar walipima valizi yangu, ikazidi. Ndege hizi ndogo hazicheki na kilo. Huseni akaifungua mbele ya watu wote foleni, akatoa vitu vyangu kimoja kimoja: viatu, ile kofia kubwa ya jua, chupa mbili za manukato ya Nosy Be zenye nilikuwa nakuletea moja, ndiyo, wewe, usicheke. Nikamuonyesha fungu la vitenge lenye lilikuwa chini kabisa, zito, nikasema toa hili, si langu, hata sijui limeingia lini. Akasema hilo linabaki.

Tiketi yake ilisema safu ya mbele. Yangu ilisema ya mwisho kabisa, pembeni ya choo. Nikamuuliza. Akasema mashine ndiyo inapanga. Wiki nzima nimeitwa Madam, na leo magoti yangu yalikuwa kwenye mugongo wa muzee mmoja mwenye kikohozi, na kila mwenye haja alinikanyaga. Walinigawia maji kidogo na karanga za kufunga kwenye kiganja. Hiyo yote ningecheka. Nilikuwa tayari nakuandikia kichwani kwamba umeshinda, ndege yako imenipata.

Kisha nikakumbuka maneno yako. Nikasimama kama mutu wa kwenda choo, choo kiko hapa pembeni, mi nikaangalia mbele. Nilimwona kwa pembeni tu, Dada. Alikuwa anamufungia mukanda mwanamuke mwenye mutandio wa kijani. Alimufungia taratibu, akajaribu kama umekaza, akamupa zile karanga zake. Mi miaka tisa ninajifungia mwenyewe kila kitu. Alikuwa na uso wenye sijauona hata pale Moroni. Mhudumu aliniambia Madam rudi kukaa. Ilikuwa ile Madam ya mwisho.

Nilikaa. Ndege ilikuwa inaruka juu ya nchi nzima na mi naangalia kisogo chake katikati ya visogo vya watu. Sikulia, nilikuwa na wivu mpaka meno yaliuma. Na wivu wenyewe nilikuwa sijui niuweke wapi, juu ya kwamba zamani niliuweka kwako, una sura, una jikoni, una pilau. Huyu hata jina sikumujua.

Tulishuka. Wanaume wawili walikuwa wanasubiri kivulini, yule wa mutandio wa kijani akawaita kaka. Mukubwa wao alikuja na mikono wazi, akamukumbatia Huseni, akasema: “Karibu nyumbani, shemeji.”

Huseni akanigeukia. Akasema Yasmina, utatangulia, mi nina shughuli Ijumaa, kuna gari ya kukufikisha mupaka wa Manyovu na nyingine mpaka Bujumbura. Akatoa lile fungu la vitenge kwenye valizi yangu. Nimebeba vitenge vya posa ya mukemwenzangu kutoka Dar, Dada Asiya. Na mukono wangu una bangili. Nilimuuliza tu, hii ni ya nini?

Niko kwenye nyumba ya wageni karibu na kituo. Gari ni kesho alfajiri. Niambie neno moja. Ulijua?

Yasmina


Jabe
15 Januari 2025, jioni

Yasmina mdogo wangu,

Nilijua.

Nilijua tangu ulipoandika habari ya kufuli. Bangili yangu ni hiyohiyo, mkono unashika mkono, na maneno ni hayohayo, na mimi ndiye niliyelia kwa furaha kabla yako. Nilipozwa kwa ajili yako kama wewe unavyopozwa kwa ajili ya huyu. Anaitwa Saliha. Yeye naye siku moja atapewa bangili.

Nitakuambia na kilichobaki, ukasirike nacho huko huko njiani upumue. Huseni aliniomba nisikwambie, nami nilimtii. Lakini siyo utii. Nilimwona yule Madam wa zambarau akiwa juu, nami nikataka nimwone akishuka. Siku mbili tangu barua yako ya bangili nilitembea Jabe hii na siri kinywani kama pipi. Nilipiga deki nikiimba. Kisha Mélissa akaniuliza mama yake atarudi na nini, pipi ikawa chungu. Ndiyo nikakuandikia ufurahi. Nilikuwa nimechelewa, lakini nilikuwa nasema kweli. Alichokupa ni chako. Bahari uliiona kwa macho yako na sitakusamehe kwa hilo mpaka nife.

Bado nina wivu na wewe, usije ukadhani tumekuwa malaika. Manukato yangu aliyoyatoa kwenye mizani nitakudai.

Sasa sikiliza. Gari ikikufikisha usiende Musaga kukaa peke yako na hizo valizi. Njoo kwangu. Mtoto sitamweka mlangoni. Ukimtaka ingia umchukue, yuko jikoni, anateleza kwenye makaro kwa soksi na mimi nimemwachia. Nimeweka samaki wa mukeke kwenye chumvi, kesho nitamchoma. Pilau sipiki. Nadhani sitaipika kwa muda mrefu.

Mama mkwe amekuja leo, ameletewa habari na mwanawe. Alikaa, akauliza mtoto wake akirudi kutoka Kigoma ataanzia mlango upi, wa Jabe au wa Musaga, kwa sababu haki ni haki na kila mmoja ana zamu yake. Nikamwambia mama, usihangaike, kwetu mambo hayo ni ya kura.

Nimekitoa kikombe kilekile. Karatasi nimezikata mwenyewe, mbili, sawasawa, nikazikunja kama siku ile. Sikuandika jina lolote.

Njoo uchomoe wewe.

Asiya